Mguu Unaovuja

Jioni hii naomba tuweke kando siasa na mpira, tuzungumze habari ya mguu wa mashine ya boti. Nakusudia ile sehemu ya chini kabisa ya mashine inayofungwa tezini, inayozama majini, ndani mna gia na nyuma mna rafadha. Na hasa mguu wa mashine kongwe, iliyokula chumvi miaka ishirini au zaidi, ambayo sasa imeanza kuvuja oili.

Najua wapo watakaosema hayo ni ya wavuvi na mafundi wa Wadi Kabir. Lakini sisi Waswahili wa Maskati tumo ndani ya jambo hili kwa njia mbili. Wapo kati yetu wenye maboti yao, Seeb, Mutrah, Sidab, mpaka Quriyat, wanaotoka alfajiri kwenda kutafuta jodari. Na wapo wengine ambao hawajui hata kuogelea, ila wana mpwa Nungwi au Mkoani anayepiga simu kila baada ya muda: mjomba, nitafutie mashine huko, iliyotumika, mradi iwe nzima. Basi mjomba asiyejua kuogelea anakwenda kuinunua mashine kwa kuitazama rangi.

Ninalotaka kulisema nalisema mapema, ili mwenye haraka azime redio akalale. Mguu usiufungue, wala usiununue, kabla hujaupima kwa upepo. Ukiupima, utakuonyesha mwenyewe mahali unapovuja. Usipoupima, utabadilisha vitu ambavyo havikuwa vibovu na ubovu utauacha palepale.

Turudi nyuma kidogo. Mashine za namna hii zilianza kupata soko la kweli mwaka 1909 kule Milwaukee, Marekani, kwa mkono wa Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei. Yamaha ya Japani ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960. Huku Omani zilichelewa kuenea. Mvuvi wa Batina alikuwa na shasha yake, chombo kilichofungwa kwa fito za makuti ya mtende, na nguvu yake ilikuwa kasia na tanga. Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970, fedha za mafuta zikaanza kufika pwani, na serikali ikawasaidia wavuvi wapate maboti ya faiba na mashine. Wazee wetu waliorejea kutoka Unguja katika miaka hiyo ya 1970 waliikuta pwani ikiwa katikati ya mabadiliko: shasha ya makuti, mashine ya Kijapani nyuma yake.

Mpaka leo ukitembea pwani ya Seeb au Barka utaona Yamaha za zamani, zile zinazochanganyiwa oili na petroli, na hasa zile zinazoitwa Enduro, zilizotengenezwa makusudi kwa kazi ngumu. Mvuvi anazipenda kwa sababu hazina kompyuta. Zina kabureta, plagi na kamba ya kuvutia, na mtu mwenye spana chache anaweza kuzitengeneza ufukweni. Kichwa cha mashine hizi kinaweza kuishi kupita aliyekinunua, lakini mguu unaoishi ndani ya maji haudumu hivyo.

Sasa ndani ya mguu mna nini? Kutoka juu inashuka shafti ya wima inayozungushwa na injini. Mwisho wake wa chini pana gia ndogo. Gia hiyo imeshikana na gia mbili kubwa, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, na katikati yake pana klachi ya meno inayochagua ipi ishike shafti ya rafadha. Vyote hivyo vinaogelea ndani ya oili nzito ya gia, namba 90, ambayo kwa mashine nyingi za wavuvi wetu haifiki hata lita moja.

Na kinachoitenga oili hiyo na bahari ni vipande vya mpira. Pana oili sili, kwa kawaida mbili, pale shafti ya rafadha inapotokeza nyuma. Pana nyingine juu, chini ya pampu ya maji, pale shafti ya wima inapoingia. Pana kipira kwenye fimbo ya kubadilisha gia. Pana oringi kubwa inayozunguka nyumba ya beringi, kile kipande kinachobeba shafti ya rafadha. Na pana gasketi mbili ndogo za skurubu za oili, ya juu na ya chini. Basi. Pengine pana tundu kwenye chuma chenyewe, kama chumvi imekila. Orodha nzima ya watuhumiwa haizidi vidole vya mikono miwili, na ndiyo maana inanikera kuona mtu anakisia.

Watu wengi wanadhani mguu unaovuja unapoteza oili tu, kwa hiyo dawa ni kuongeza oili. Sivyo. Mashine ikienda mbio kutoka Seeb kuelekea visiwa vya Daymaniyat, gia zinasagana, oili inapata moto, na oili na hewa iliyomo ndani vinatanuka. Shinikizo linapanda, na oili kidogo inasukumwa nje kupitia penye udhaifu. Halafu unafika, unazima mashine, unatupa mshipi. Mguu umo ndani ya maji, unapoa. Vilivyotanuka vinanywea, shinikizo la ndani linashuka chini ya la nje, na mguu unavuta. Unavuta nini? Maji ya chumvi. Kila unaposimama kuvua, mguu unakunywa kidogo. Kwa hiyo mvuvi anayeongeza oili kila wiki anaongeza oili juu ya maji, na beringi zake za chuma zinalala ndani ya mchanganyiko huo usiku kucha zikifanya kutu.

Dalili ni mbili. Ya kwanza ni ule utando wa rangi rangi juu ya maji nyuma ya boti likiwa limetulia. Ya pili ni oili yenyewe. Oili nzuri iliyotumika huwa nyeusi au kahawia, inapitisha mwanga. Iliyochanganyika na maji inakuwa kama karak, ile chai ya maziwa ya vibanda vyetu vya barabarani. Ukiona karak inatoka kwenye mashine, biashara imekwisha, mguu unakunywa.

Lakini maji yakiwa machache, oili inaweza isiwe karak kabisa. Basi fanya hivi. Isimamishe mashine wima, iache usiku mzima bila kuigusa. Asubuhi, kabla hujaiwasha, legeza skurubu ya chini kidogo tu, usiitoe, utege kidole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo usiku yameshuka chini, na ndiyo yatakayotoka kwanza. Tone moja la maji safi kabla ya oili linatosha kukupa jawabu. Na ukishaitoa skurubu, itazame ncha yake: nyingi zina sumaku. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, ni gia zinasagana kwa umri. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hivyo ni meno ya gia, na hapo sili hazitakusaidia kitu.

Nimewahi kusikia ushauri wa mtu mzima, mwenye boti lake, kwamba mguu ukivuja uujaze grisi badala ya oili, maana grisi haitoki. Ni kweli haitoki. Wala hairudi. Gia zikizunguka zinaisukuma pembeni na kuchimba nafasi yao katikati, na hapo zinakwenda kavu. Oili inafanya kazi kwa sababu inateremka tena mahali ilipofukuzwa. Tafadhali, grisi iwekwe kwenye midomo ya sili na kwenye meno ya shafti, ndipo mahali pake.

Sasa tufike kwenye kupima kwa upepo. Unamwaga oili yote. Skurubu ya chini unairudisha na gasketi mpya, unaikaza. Kwenye tundu la juu unafunga kiungo chenye mpira kilichounganishwa na pampu ndogo ya mkono yenye geji. Hata pampu ya baiskeli itafaa, mradi uwe na geji, kwa sababu bila geji hujui unafanya nini. Unapandisha upepo polepole. Vitabu vya mashine vinatofautiana, lakini vingi vinazungumzia kilopaskali 70 hadi 100, yaani kama pauni 10 hadi 14 kwa geji ya Kiingereza. Usizidishe. Sili hizi zimetengenezwa kuzuia oili, na ukizijaza upepo wa kompresa ya gereji ya magari utazing'oa zilipokaa, halafu utasema zilikuwa mbovu.

Ukifika kipimo, acha pampu, tazama sindano. Ikitulia, usishangilie bado. Zungusha shafti ya rafadha kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima. Zungusha ya wima. Isukume na kuivuta fimbo ya gia. Sili iliyochanika upande mmoja inaweza kuziba shafti ikiwa imelala hivi, ikavuja ikigeuzwa vile. Sindano ikishuka, uzamishe mguu wote kwenye pipa la maji, na mapovu yatakuonyesha. Huna pipa, chukua brashi na maji ya sabuni, paka kila mahali: nyuma kwenye shafti, kuzunguka nyumba ya beringi, chini ya pampu ya maji, penye fimbo, penye skurubu. Povu litachanua mahali pamoja, labda pawili.

Kisha fanya kinyume chake, nyonya. Mdomo wa sili umeelekezwa upande mmoja. Upo unaozuia kitu cha ndani kisitoke, na upo unaozuia cha nje kisiingie. Mguu unaweza kufaulu mtihani wa upepo na kuanguka mtihani wa kunyonya. Fundi mwenye pampu ya kunyonya, ile ya kutolea hewa kwenye breki, anaweza kulifanya hili kwa dakika chache.

Kuna ami mmoja wa Barka, alijifunza mashine ujanani akiwa Malindi, Unguja, na bado mikono yake inanuka petroli. Nilimuuliza, "Ami, mbona mafundi wengine hawapimi?" Akacheka. "Mwanangu, mteja amesimama juu ya kichwa chako, jua kali, anataka aone nyundo. Ukimwambia nakaa naangalia geji, anadhani humfanyii kazi." Sitaki kuwatetea mafundi wavivu, lakini alinifumbua macho. Sehemu ya lawama ni yetu wateja.

Tuseme mapovu yametoka nyuma, kwenye shafti ya rafadha. Hapo ndipo hasa yanapotoka mara nyingi, na sababu yake unaijua ukiwa mvuvi: uzi wa nailoni. Mshipi uliokatika, au wa jirani, au kipande cha jarife kinachoelea, unanaswa na rafadha. Unajizungusha nyuma yake, unapita chini ya ile washa kubwa, unaingia mpaka kwenye sili. Nailoni ni nyembamba na ngumu, na shafti ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika inaukata mpira pole pole. Wewe juu husikii chochote. Kwa hiyo rafadha itolewe mara kwa mara, hata kama haina tatizo, utazame nyuma yake. Ni nati moja na pini moja. Wavuvi wa nguru, ambao hapa Omani wanafungiwa kuvua samaki huyo kila mwaka kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba, wana miezi miwili ya kuifanya kazi hii bila kupoteza soko. Wengine huitumia kuvua samaki wengine, sawa, lakini nusu siku ya kutazama mguu haikosekani.

Ili kuzibadilisha sili hizo, lazima itoke nyumba ya beringi. Na hapa, msikilizaji, ndipo penye kilio cha Maskati. Mwili wa mguu ni aluminiamu. Bolti nyingi ni chuma cha pua. Weka metali hizo mbili pamoja ndani ya maji ya chumvi, na umeme mdogo unapita kati yao, na anayeliwa ni aluminiamu. Bahari yetu ina chumvi ya gramu 36 mpaka 37 kwa kila kilo ya maji, juu kidogo ya bahari ya Unguja, na kiangazi joto la maji linapita nyuzi 30. Boti likipandishwa ufukweni, mguu unakauka juani na chumvi inabaki kwenye kila mwanya. Ule unga mweupe unaouona ni aluminiamu iliyooza, na unachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa. Ukijaa kati ya nyumba ya beringi na mwili wa mguu, unaishika barabara, na bolti zinakatika vichwa ukizilazimisha.

Hapa subira ndiyo spana ya kwanza. Tia mafuta ya kupenyeza jioni, rudia asubuhi, rudia tena. Bolti ikigoma, ikaze kidogo, ilegeze kidogo, usiivute kwa nguvu moja. Halafu moto. Mwili wa nje ukipata joto unatanuka kabla ya kilichomo ndani, na unga ule unapasuka. Tumia jiko la gesi la mkono, lisogeze kila wakati, mpaka tone la maji litakapochemka juu ya chuma, usipite hapo. Na jihadhari sana: chuma cha kawaida kikipata moto kinakuwa chekundu, kinakuonya. Aluminiamu haikuonyi. Ikiwa safi inayeyuka kwenye nyuzi kama 660, na iliyochanganywa kama ya mguu, chini ya hapo; ikikaribia kuyeyuka bado inaonekana ileile, kisha inaporomoka. Mwaga oili yote na ufute petroli kabla ya kuwasha moto, hili sidhani mtu anahitaji kuambiwa, lakini nalisema.

Kisha pula, yenye miguu miwili inayoshika nyumba ya beringi na skurubu katikati inayosukuma shafti. Kaza, gonga mwili wa mguu kwa nyundo ya mpira, kaza tena. Katika mashine nyingine nyumba hiyo imefungwa kwa nati kubwa ya duara, nayo ina alama ya mshale unaoonyesha upande wa kufungulia. Usome mshale kwanza. Patasi na nyundo kwenye nati ile ndivyo miguu mingi mizima ilivyogeuka vyuma chakavu.

Ikitoka, usifurahi ukavitawanya vitu mezani. Ndani mna shimu, washa nyembamba kama karatasi, zinazopanga umbali wa gia moja na nyenzake. Zipige picha kwa simu, ziweke kwa mpangilio wake. Ukizichanganya, mguu utakusanyika vizuri, utazunguka, na utajitafuna baada ya safari kadhaa.

Sasa pitisha ukucha juu ya shafti mahali mdomo wa sili ulipokuwa unakaa. Ukucha ukipita bila kukwama, una bahati. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya peke yake haitafaa, itakaa juu ya mfereji uleule na itavuja vilevile. Watu hupeleka lawama kwa sili, eti ni bandia. Nyingine ni bandia kweli, soko limejaa, lakini mara nyingi kosa ni la shafti. Dawa ya bei nafuu ni kuisukuma sili mpya ikae milimita moja au mbili mbele au nyuma ya mfereji, kama nafasi ipo. Dawa ya kati ni kuivalisha shafti mkono mwembamba wa chuma cha pua uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Wauza beringi wakubwa wanao. Dawa kamili ni shafti mpya, ambayo kwa mashine ya zamani bei yake inaweza kukufanya uketi chini.

Sili yenyewe huhitaji kuinunua kwa jina la mashine. Isome: nyingi zina namba zimechapwa ubavuni, kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa milimita au kwa inchi. Nenda nayo kwa muuza beringi, sema namba. Hii ni faraja kwa wenye Evinrude za zamani hasa, kwa sababu kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 2020, na vipuri vyake havitazidi kuwa vingi. Gia za Evinrude utazihangaikia; sili zake zitapatikana.

Kuziweka: tazama za zamani zilielekea wapi kabla hujazitoa, maana mashine hazifanani. Nyingine zina moja inayotazama ndani na moja inayotazama nje, nyingine zote mbili zinatazama nje. Paka grisi mdomoni, jaza grisi kati ya sili mbili, zisukume kwa kipande cha bomba chenye ukubwa wa sili, sawasawa, zisiingie upande. Oringi kubwa mpya, iliyopakwa grisi. Na bolti zote, grisi ya kuzuia chumvi, ili anayefuata asitukane ukoo wako.

Mapovu yakitoka juu, mguu wote lazima ushuke kutoka kwenye mashine. Mashine nyingi zina bolti moja iliyojificha chini ya kile kipezi kidogo cha nyuma, juu ya rafadha. Watu hufungua bolti zote wanazoziona, mguu unakataa, wanaingiza bisibisi na kuutanua mpaka mwili unapasuka, na bolti iliyojificha bado imekaza. Weka alama kipezi kilikuwa kimeelekea wapi, kitoe, bolti utaiona. Ukishafika huko juu, pampu ya maji iko mkononi mwako. Badilisha na impela yake, usijifanye tajiri wa wakati.

Skurubu za oili nitazipitia haraka. Gasketi zake ni za baisa chache, na wengi huzirudisha zilezile miaka na miaka. Ukipima kwa upepo, utashangaa ni mara ngapi mguu mzima ulikuwa salama na kinachovuja ni kigasketi. Hiki ndicho kinachonifanya niseme pima kwanza. Na oili ijazwe kutoka tundu la chini, ipande mpaka itoke juu, ili hewa itoke yote. Funga ya juu kwanza, ndipo utoe mpira wa chini na kufunga haraka.

Kabla ya kujaza, pima tena. Watu wanachoka hapa, na hapa ndipo mahali pa kutochoka, kwa sababu baada ya oili kuingia utakuja kujua kosa ukiwa kwenye maji. Safari ya kwanza iwe fupi. Ukirudi, iache usiku, legeza skurubu ya chini asubuhi.

Sasa nakurudia wewe mjomba mwenye mpwa Pemba. Ukienda kuitazama mashine iliyotumika, muuzaji ataiwasha ndani ya pipa, italia vizuri, atakuonyesha moshi ulivyo mwembamba. Mwache amalize. Kisha mwombe umwage oili ya mguu kwenye chupa ya maji iliyo wazi, uitazame. Muuzaji mwema hatakataa, na kama oili ni mpya kabisa, dhahabu, jana tu imetiwa, hilo nalo lichunguze. Mwombe upime kwa upepo, au mlipe fundi wako akupimie. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya bei ya seti ya gia. Tazama zinki, kile kipande cha kijivu kilichofungwa ili kiliwe na chumvi badala ya mguu. Kikiwa kimebaki nusu, kilifanya kazi. Kikiwa kizima kama siku ya kwanza, na kimepakwa rangi juu, kimezibwa kisifanye kazi, na aliyeliwa ni mguu. Mashine zilizozama kwenye kimbunga cha Gonu, Juni 2007, bado nyingine zinazunguka sokoni zimepakwa rangi upya. Rangi nzuri mno kwenye mguu wa zamani, mimi huitilia shaka.

Ukiridhika na ukaamua kuituma, mwaga oili yote kabla haijaingia kontena, maana ikivuja kwenye mizigo ya watu utalipa magodoro. Funga kadi kwenye mpini wa mashine, uandike mguu huu hauna oili, na uandike namba za sili zake, za nyuma na za juu. Na mfukoni mwa mpwa, kwa mkono wa msafiri wa ndege, peleka sili mbili, oringi moja, gasketi nne za skurubu na impela. Kifurushi chote hakifiki uzito wa kopo la halua, na Wete jioni ya Ijumaa, boti likiwa tayari na samaki wamechachamaa, hakuna duka litakalomfungulia.